Orodha ya watoto na tangi la lita 200: nani atakaa na nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimefunga tangi langu la kwanza la maji chumvi, lita 200, urefu sentimita 100. Mawe yamo, mchanga umo, pampu inazunguka, na leo maji yametimiza wiki mbili. Watoto wameshanipa orodha: klauni wawili, kangaja wa bluu mmoja, samaki simba mmoja, mandarini mmoja, damseli wa bluu wanne, na wale wa kijani hafifu wanaokwenda kwa kundi, kama sita hivi. Samaki wa maji baridi nimefuga miaka mitatu bila tabu. Je, hawa wataelewana? Na nianze na yupi?

Jibu: Marahaba. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kununua. Wengi huniandikia wakati samaki wa tatu ameshakufa. Kangaja na mandarini kwenye orodha moja: asiyejua angedhani unapanda shamba la machungwa. Basi nikujibu kwa mkato kwanza. Kati ya hao kumi na watano, wanaolifaa tangi lako ni klauni wawili tu. Wengine nitakueleza mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ana kasoro yake, na kasoro hizo ndizo utakazozitafuta kwa samaki yeyote mwingine utakayemtamani baadaye.

Samaki simba, Pterois, hana ugomvi na mtu. Anaelea kwa utulivu, mapezi yamefunguka kama kanga upeponi, wala hafukuzi wenzake. Anawameza. Hutanua taya ghafla na maji yakavutwa ndani pamoja na aliyekuwemo. Sheria yake ni moja: anayeenea mdomoni ni chakula. Klauni wako wataenea. Isitoshe, miiba ya mgongo wake ina sumu, na wewe ndiye utakayetia mkono humo kusafisha kioo, labda na mtoto yuko pembeni anataka kusaidia. Akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kisha nenda hospitali. Kwa tangi la kwanza, mwache.

Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, dukani utamkuta mdogo kama sarafu, na hapo ndipo watu wananaswa. Huyu hukua hadi sentimita 30 hivi, na ni mwogeleaji wa mbio ndefu. Anahitaji tangi la urefu usiopungua mita 1.8. Kwenye sentimita zako 100 atapiga mapezi mara mbili tatu, akakutana na kioo, akageuka, siku nzima. Samaki anayeishi hivyo huchoka, na jamii ya kangaja wakichoka huwa wa kwanza kupata ugonjwa wa madoa meupe. Usidanganywe na ile kauli kwamba "samaki hukua kulingana na tangi". Kinachodumaa ni afya yake. Na usitegemee "nitanunua tangi kubwa mwakani". Mwakani ina mambo yake.

Mandarini, Synchiropus splendidus, ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu ni mzuri, mpole, haonei mtu, na hufa polepole mbele ya macho ya watu wanaompenda. Yeye hula kopepodi, vidudu vidogo mno vinavyotambaa juu ya mawe, na huvidonoa kimoja kimoja kutwa nzima. Chakula cha punje unachotia kinapita mbele yake kama si kitu. Tangi changa halina kopepodi wa kumtosha. Nilimfuga wa kwanza nikiwa sijui hili. Kwa wiki tano nilimwona akidonoa, akidonoa, nikajua anakula. Siku moja nikamtazama kutoka juu badala ya ubavuni, nikaona mgongo umekuwa mwembamba kama ukingo wa kisu na kichwa kimebaki kikubwa peke yake. Alikuwa anadonoa mawe matupu. Tangu siku hiyo kila samaki mpya namtazama kutoka juu kabla ya kumnunua, nawe nakusihi ufanye hivyo. Mandarini msubiri mwaka mzima au zaidi, na hata hapo nunua yule unayemwona kwa macho yako akila chakula cha kugandishwa.

Damseli wa bluu ni wagumu, hawafi ovyo, ndiyo maana kila anayeanza ufugaji hushauriwa aanze nao. Zamani watu waliwatia kwenye tangi bichi ili wastahimili amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, wakati bakteria wa kuisafisha wanazaliana. Ule ni ukatili, na una adhabu yake: aliyeingia wa kwanza hujiona mwenye nyumba. Atakayekuja baada yake atakimbizwa kila kona. Damseli mmoja anaweza kushika theluthi ya tangi kama lako. Wanne watapigana wenyewe kwa wenyewe mpaka abaki mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayewapokea klauni wako. Watoto wakimlilia sana yule wa bluu, kuna mwenye mkia wa njano, Chrysiptera parasema, ambaye ana nafuu kidogo. Mmoja tu, na aingie wa mwisho kabisa.

Wale wa kijani hafifu ni Chromis viridis. Baharini huenda makundi makubwa juu ya matumbawe, kwa hiyo mtu hudhani sita watafurahi pamoja. Kwenye tangi dogo kundi hugeuka ngazi: mkubwa humwonea wa pili, wa pili humwonea wa tatu, na wa chini kabisa hana wa kumwonea wala pa kukimbilia. Utahesabu sita, baada ya mwezi watano, kisha wanne. Hutaona vita. Utaona tu mmoja anajibanza nyuma ya pampu, mkia umechanika, na kesho hayupo.

Sasa tuone wanaokaa pamoja.

Kwenye maji baridi ulizoea kuuliza, "huyu ni mpole au mkali?" Kwenye maji chumvi ongeza swali jingine: huyu anataka kukaa wapi? Samaki wengi wa matumbawe wana makazi yao, pango au shimo au kipande cha mwamba, na hulinda hapo kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Ugomvi huzuka pale wawili wanapotaka chumba kimoja. Basi mimi hulitazama tangi kama nyumba ya vyumba: kuna mchanga, kuna mapango ya chini, kuna vichwa vya mawe, kuna maji ya katikati, kuna juu. Kila chumba mpangaji mmoja, au wawili walioana. Ile hesabu ya "sentimita moja ya samaki kwa lita kadhaa" haijui lolote kuhusu vyumba, ndiyo maana inawaangusha watu.

Chumba cha mchangani mpe gobi wa njano, Cryptocentrus cinctus, pamoja na kamba wake wa kuchimba, jamii ya Alpheus, yule mwenye kucha moja kubwa inayofyatuka kwa mlio. Kamba haoni vizuri. Anachimba shimo, anasukuma mchanga nje kama tingatinga dogo, na muda wote huo papasio lake moja limegusa ubavu wa gobi. Gobi amesimama mlangoni anaangalia. Likitokea la kutisha, anatikisa mkia, na kamba anarudi ndani kabla hujapepesa macho. Watoto wako watakaa mbele ya shimo hilo saa nzima, nakuhakikishia, kangaja watamsahau. Ila mawe yako yakae juu ya kioo cha chini, yasikae juu ya mchanga, maana kamba atachimba chini yake na jiwe litaporomoka.

Pango la kivulini ni la grama, Gramma loreto, zambarau mbele na njano nyuma, sentimita kama 8. Ni samaki wa Karibi, na utamwona mara nyingine amekaa kichwa chini miguu juu, kama angekuwa na miguu, tumbo limeelekea dari ya pango. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Akikaribiwa hutanua mdomo kutisha, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Weka mmoja tu. Hapa kuna mtego ambao hata wauzaji huuingia: yuko Pictichromis paccagnella, naye zambarau mbele njano nyuma, mdogo kidogo, na ana roho mbaya mara tatu. Watofautishe hivi. Kwa grama rangi mbili huingiliana kwa vitone katikati ya mwili, kuna mstari mweusi unaopita jichoni na doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Kwa yule mwingine rangi hukatika ghafla kama shati lililoshonwa kwa vitambaa viwili, na mapezi yake hayana rangi. Mtazame vizuri kabla hajatiwa mfukoni.

Juu ya mawe kaa na bleni mdogo mwenye doa mkiani, Ecsenius stigmatura. Hukaa kwenye tundu, macho yanazunguka kila moja upande wake, anakukagua wewe kuliko unavyomkagua yeye. Anadonoa mwani, ila umzoeshe na chakula cha mwani, kwa sababu mawe mapya hayana wa kutosha. Yule bleni mkubwa anayesifiwa kwa kufyeka mwani, Salarias fasciatus, simpendekezi kwa tangi changa; akimaliza mwani wako anakonda.

Maji ya katikati yana wagombea wawili wazuri, nawe chagua mmoja. Wa kwanza ni kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, mwenye mistari myeusi na vitone vyeupe, anayeelea mahali pamoja kama taa. Asili yake ni visiwa vya Banggai huko Indonesia, eneo dogo sana, na wavuvi wa samaki wa mapambo wamempunguza hadi akaorodheshwa kuwa yuko hatarini kutoweka. Huzaliana vizuri akifugwa, dume akibeba mayai mdomoni bila kula, kwa hiyo nunua aliyezaliwa kwenye ufugaji tu. Huyo ameshazoea chakula cha kulishwa, hivyo utapata faida mara mbili. Mgombea wa pili ni samaki moto, Nemateleotris magnifica, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye uzi mrefu mgongoni anaoupandisha na kuushusha. Mpole kupita kiasi. Akishtuka huruka, na hutoka hata kwenye upenyo wa waya wa pampu. Wangu nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, mkavu kama dagaa. Ukimchagua, funika tangi lote kwa wavu mwembamba. Hata usipomchagua, funika; gobi na bleni nao huruka.

Na klauni. Nunua Amphiprion ocellaris, wawili, wadogo, wasiolingana ukubwa. Sababu ya kutaka wasilingane ni hii: klauni wote huanza wakiwa madume, na mkubwa katika jozi hugeuka kuwa jike. Ukileta wawili wadogo, wataamua wenyewe nani mkubwa, na mwingine atabaki dume. Utaona mdogo anajilaza ubavu na kutetemeka mwili mzima mbele ya mwenzake. Watu huniandikia wakiogopa kwamba ni kifafa. Hapana, anasema "wewe ndiye mkubwa", na hiyo ndiyo ndoa. Lakini ukileta wakubwa wawili kutoka matangi tofauti, yaelekea umeleta majike wawili, na jike aliyekwisha kuwa jike harudi kuwa dume. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa klauni, majike nao vilevile. Epuka pia klauni wa damu ya mzee, Premnas biaculeatus, hata akivutia. Ana miiba shavuni, na jike lake lina hasira ya kutosha tangi la mita mbili.

Anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma ambaye klauni hujificha ndani yake, klauni wako hawamhitaji. Baharini humtegemea kwa ulinzi, na kwako hakuna wa kuwala. Anemoni anataka taa kali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi, na akifa anaoza na kuchafua tangi zima kwa usiku mmoja. Klauni wako watachagua kona, au bomba la pampu, wakalala hapo.

Hesabu imekuwa klauni wawili, gobi mmoja, grama mmoja, bleni mmoja, na kadinali au samaki moto mmoja. Sita, na kamba wa saba. Najua watoto walitaka kumi na watano. Kwa lita 200 mimi nisingezidisha, na mara nyingi ningeishia watano.

Swali lako la pili, nianze na nani, lina uzito kuliko la kwanza, maana samaki walewale wakiingia kwa mpangilio mbaya watauana. Waoga huanza. Gobi na kamba wake waingie siku moja, ikiwezekana ukiwaweka karibu na jiwe lenye upenyo chini yake. Baada ya wiki mbili au tatu, kadinali au samaki moto. Kisha bleni, kisha grama. Klauni mwisho. Wapo wafugaji wazoefu wanaotanguliza klauni, na wa aina ya ocellaris wakiwa wadogo mara nyingi hapaharibiki kitu, kwa hiyo watoto wakikuzidi nguvu hutakuwa umefanya dhambi. Ila mimi nimeona klauni wa sentimita 4 akilinda pembe yake mpaka grama akakosa kula siku tatu, na toka hapo nawaweka mkiani mwa foleni.

Siku ya kumtia mgeni, lisha wenyeji kwanza mpaka washibe, zima taa, ndipo umfungulie, na taa zibaki zimezimwa mpaka kesho yake. Kukimbizana siku mbili za mwanzo ni salamu tu. Mapezi yakichanika, au mgeni akiacha kula hadi siku ya tatu, hamisha mawe mawili matatu. Ramani ikivurugika, hata mwenye nyumba anaanza upya kutafuta chumba. Ikishindikana, anayeonea ndiye wa kutolewa kwa siku kadhaa, siyo anayeonewa. Akirudi anarudi kama mgeni.

Kabla ya hayo yote, kila samaki apite karantini ya wiki nne. Chombo cha lita 40, hita, kichujio cha sponji, kipande cha bomba la plastiki la kujifichia, basi. Adui mkubwa ni Cryptocaryon irritans, yale madoa meupe kama punje za chumvi. Kimelea hiki hukaa kwenye samaki siku chache, kikaanguka mchangani, kikajifunga kwenye ganda, kikapasuka na kutoa watoto wengi wanaotafuta samaki mwingine. Ndiyo maana madoa hupotea na mwenye tangi hushangilia, kisha wiki mbili baadaye samaki wote wamejaa. Kikishaingia kwenye tangi kuu, itabidi samaki wote watolewe na tangi likae bila samaki wiki nyingi, wengi wetu huhesabu siku 76. Na dawa ya shaba inayokitibu huua kamba na konokono, kwa hiyo itumike kwenye chombo cha karantini peke yake.

Ukiwa dukani, mwombe muuzaji amlishe samaki unayemtaka, mbele yako. Asiyekula hapo usimhurumie kwa kumnunua. Tazama matamvua: yakipanda na kushuka kwa haraka kuliko ya wenzake, muache. Akikataa muuzaji kulisha, muache muuzaji.

La mwisho ni hizo wiki zako mbili. Umri wa maji peke yake hauniambii kitu, maana bakteria hawazaliani bila chakula. Tia amonia kidogo ya chupa, ifike miligramu 2 kwa lita, upime kila siku. Bakteria wakiila itashuka, na naitriti, sumu wanayoigeuza kuwa, itapanda, nayo itashuka, kisha naitreti, isiyo na ukali huo, itaonekana. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita tangu ulipoanza kuitia. Siku utakayotia kipimo kilekile na ndani ya saa 24 amonia na naitriti zote zikasoma sifuri, badilisha nusu ya maji ili kupunguza naitreti, hakikisha kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi) kinasoma 1.025 na joto nyuzi 25, ndipo ukamchukue gobi. Usingoje siku hiyo mikono mitupu: chombo cha karantini kiandae sasa hivi, sponji yake iwe inaelea ndani ya tangi kubwa ikikusanya bakteria pamoja na mawe.